Siku Sita za Rutuba: Wanaotafuta Mtoto na Dalili za Mwili

Katika mazungumzo ya kila siku, siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba huitwa siku za hatari. Kwa msichana wa shule, au kwa mama anayetaka kupumzika kuzaa, jina hilo lina maana yake. Lakini kwa mwanamke aliyeolewa miaka miwili iliyopita, ambaye kila damu ya hedhi huipokea kama taarifa ya msiba mdogo, hatari iko upande wa pili: ni siku hizo kupita bila yeye kujua kwamba zimepita. Wanawake wa namna hii hufika kliniki wakiwa wameshakunywa dawa za kila aina, wameshaombewa, na wameshaitwa majina na mawifi. Wakiulizwa ni siku zipi za mzunguko wanazokutana na waume zao, wengi hutaja hesabu waliyofundishwa darasani: siku ya 14. Wengine husema huanza mara damu inapokatika, kwa kuwa wameelezwa kwamba hapo ndipo kizazi huwa wazi.

Jibu la kwanza ni kweli kwa baadhi ya wanawake, tena si kila mwezi. La pili si kweli isipokuwa kwa wenye mizunguko mifupi sana. Na kwa kuwa mengi hutegemea tofauti hii, ni vema kueleza kwanza kinachotokea ndani ya mwili.

Yai na mbegu

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku inayotangulia damu nyingine. Katika sehemu ya kwanza ya mzunguko, ubongo huchochea ovari kukuza yai ndani ya kifuko kidogo chenye maji. Kifuko hicho hutoa homoni ya estrojeni, ambayo hujenga utando wa ndani wa mji wa mimba na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mwepesi. Estrojeni ikifika kiwango cha juu na kudumu hapo kwa takriban siku mbili, tezi iliyo chini ya ubongo humwaga kwa wingi homoni ambayo kwenye pakiti za vipimo huandikwa kwa herufi LH. Kiasi cha saa 36 tangu mmwagiko huo uanze, kifuko hupasuka na yai hutoka. Kifuko kilichobaki hugeuka kuwa tezi ya muda inayotoa homoni ya projesteroni. Mimba isipotunga, tezi hiyo hunyauka baada ya wiki mbili hivi, na hedhi huja.

Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume zina subira zaidi: zikikuta ute mzuri huweza kukaa hai ndani ya njia ya uzazi hata siku tano. Ndiyo sababu tendo la ndoa lililofanyika Jumatatu linaweza kuzaa mimba ya Ijumaa, ilhali lililofanyika Jumapili, siku mbili baada ya yai kutoka, haliwezi.

Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya kuwafuatilia wanawake 221 wa North Carolina, Marekani, waliokuwa wakitafuta mimba. Wanawake hao walihifadhi mkojo wao wa kila siku na kuandika siku walizokutana na wenza wao. Homoni zilizopimwa katika mkojo zikaonyesha siku yai lilipotoka. Mimba zilitunga tu pale tendo lilipofanyika ndani ya siku sita, ya mwisho ikiwa ile ya yai kutoka. Uwezekano ulikuwa karibu asilimia 10 kwa tendo la siku tano kabla, ukapanda hadi karibu asilimia 33 kwa siku yenyewe. Baada ya hapo mlango ulikuwa umefungwa. Uchunguzi uliofuata uliweka kilele siku moja au mbili kabla ya yai kutoka. Kwa lugha nyepesi, mbegu ndizo zinazopaswa kutangulia na kulisubiri yai. Yai halina muda wa kuzisubiri mbegu.

Utafiti huo ulijibu pia jambo ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: je, siku ya tendo huamua jinsia ya mtoto? Haukuona uhusiano wowote. Ratiba zinazouzwa kwa ajili ya kupata mtoto wa kiume hazistahili fedha ya mtu.

Siku ya 14 ilitoka wapi

Katika miaka ya 1920 madaktari wawili waliokuwa mbali mno, Kyusaku Ogino wa Niigata nchini Japani na Hermann Knaus wa Austria, walifikia ugunduzi uliokaribiana. Walibaini kwamba uhusiano wa yai na hedhi uko nyuma, si mbele: yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi itakayofuata, bila kujali ni siku ngapi zimepita tangu hedhi iliyotangulia. Ogino aliliweka tukio hilo kati ya siku ya 12 na ya 16 kabla ya damu inayokuja. Sehemu hiyo ya pili ya mzunguko hubadilika kidogo. Sehemu ya kwanza ndiyo inayorefuka na kufupika kwa safari, ugonjwa, huzuni, kupungua uzito au bila sababu inayojulikana.

Kutokana na hilo, mwenye mzunguko wa siku 28 anaweza kutarajia yai karibu na siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35 atalipata karibu na siku ya 21. Mwenye mzunguko wa siku 22 ni karibu na siku ya nane, na huyu kweli anaweza kushika mimba kwa tendo lililofanyika damu ikiwa ndiyo kwanza inakatika. Vitabu vya shule vilichukua mfano wa siku 28 kwa sababu ni rahisi kuuchora, na mfano ukageuka kuwa kanuni. Pengine lugha nayo imechangia: Mswahili husema mwanamke yuko mwezini, na mwezi hauna desturi ya kuchelewa. Katika uchambuzi mwingine wa kundi lilelile la North Carolina, uliochapishwa mwaka 2000, ni takriban asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao zote sita za rutuba ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17. Waliobaki, wangefuata kalenda peke yake, wangekosa siku kadhaa au zote.

Hesabu, hata hivyo, haina budi kuwepo kama mwanzo. Mwanamke aandike siku ya kwanza ya kila hedhi kwa miezi sita. Achukue mzunguko mfupi kuliko yote, atoe 18. Kisha achukue mrefu kuliko yote, atoe 11. Aliyepata mifupi ya siku 26 na mirefu ya siku 31 atapata siku ya nane hadi ya 20. Huo ni uwanja mpana, nao uliwekwa hivyo kwa ajili ya wanaokwepa mimba. Kwa anayeitafuta, humwambia tu lini aanze kuwa macho. Shanga za rangi zinazotumika katika kliniki za uzazi wa mpango, ambazo pete ya mpira husogezwa ushanga mmoja kila siku, hufanya kazi hiyohiyo kwa wenye mizunguko ya siku 26 hadi 32: shanga nyeupe huonyesha siku ya nane hadi ya 19. Programu za simu nazo, kwa urembo wao wote, nyingi hufanya hesabu ya wastani wa miezi iliyopita. Simu haijui kwamba mwenye nayo aliugua malaria wiki iliyopita na yai likachelewa.

Ute

Dalili inayotangulia yai, isiyo na gharama, na ambayo kila mwanamke mwenye afya anaweza kujifunza kuisoma, ni ute wa mlango wa kizazi. Inasikitisha kwamba ndiyo inayofundishwa kidogo kuliko zote.

Baada ya hedhi, wengi hukaa siku kadhaa wakiwa wakavu. Halafu huonekana unyevu kidogo, mzito, unaonata, wa rangi ya maziwa au wa manjano hafifu. Ukibanwa kati ya vidole viwili hukatika. Estrojeni inapopanda, ute huongezeka, hulainika, huwa kama krimu nyepesi. Kisha, kwa siku mbili au tatu, kwa wengine moja tu, huwa mwangavu, unateleza, na ukivutwa kati ya kidole gumba na cha shahada hurefuka bila kukatika, mfano wa ute mweupe wa yai bichi la kuku. Katika siku hizo mwanamke huhisi utelezi anapotembea au anapojipangusa, hata kabla hajaona kitu. Ukiutazama kwa hadubini, ute wa aina hii una njia zilizonyooka ambamo mbegu husafiri. Ule mzito wa siku nyingine ni kama wavu uliofungwa. Yai likishatoka, projesteroni huurudisha ute katika hali ya kunata au ukavu ndani ya siku moja au mbili. Siku ya mwisho ya utelezi huitwa siku ya kilele, na hutambulika kesho yake tu, ukavu unaporudi.

Kwa hiyo anayetafuta mtoto asiingoje siku ya kilele. Utelezi unapoanza, ndio wakati.

Namna ya kuangalia ni nyepesi. Kila aendapo haja ndogo, mwanamke ajipanguse kwa karatasi laini kabla na baada ya kukojoa, atazame, aguse, aandike usiku neno moja: kavu, unanata, krimu, unateleza. Wanawake wa Kiislamu wanaochunga tohara zao kwa ajili ya swala wana ujuzi mkubwa katika hili kuliko wanavyodhani, kwa kuwa tayari wamezoea kujikagua mwisho wa hedhi na kutofautisha weupe na manjano. Kinachohitajika ni kuendeleza ukaguzi uleule kwa wiki mbili zaidi. Hakuna haja ya kuingiza kidole ndani.

Yapo mambo yanayochanganya. Shahawa za jana zinaweza kufanana na ute wa rutuba. Ndiyo maana katika mwezi wa kwanza wa kujifunza watu wengine hupendelea kutenganisha siku. Msisimko wa tendo hutoa majimaji ambayo hukauka upesi. Uchafu mweupe wenye mabonge kama maziwa mgando pamoja na muwasho ni dalili ya fangasi. Uchafu wenye harufu ya samaki, au wa kijani, au unaofuatana na maumivu chini ya kitovu, si wa kuandikwa katika daftari la rutuba. Ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Hapa hapana budi kusema jambo ambalo huwaudhi baadhi ya makungwi na wauza vipodozi. Kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu, shabu au dawa za kubana na kukausha huondoa dalili hii kabla haijasomwa, na huua bakteria walinzi wanaozuia maambukizi. Mwanamke aliyefundishwa tangu unyago kwamba unyevu ni aibu, atajikausha katika siku zilezile ambazo mwili wake unaandaa njia ya mbegu. Uke hujisafisha wenyewe. Maji ya nje yanatosha. Mafuta mengi ya kulainisha na hata mate hupunguza mwendo wa mbegu, na siku za utelezi kwa kawaida hazihitaji msaada huo.

Kipimajoto na vijiti vya mkojo

Projesteroni hupandisha joto la mwili wakati wa mapumziko kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi. Mwanamke anayepima kila alfajiri kabla ya kuinuka kitandani, kwa kipimajoto chenye kuonyesha desimali mbili, ataona mstari wa chini kwa wiki mbili au zaidi, kisha mstari wa juu unaodumu hadi hedhi. Siku tatu mfululizo za joto la juu huthibitisha kwamba yai limeshatoka. Neno la kuzingatia ni "limeshatoka". Kipimajoto hutoa habari za jana; mume akiitwa siku joto lilipopanda, ameitwa amechelewa. Faida yake ni kuonyesha, baada ya miezi mitatu, kama yai hutoka kweli na kwa kawaida ni siku gani. Homa, kukesha, zamu za usiku na mtoto anayelia huvuruga usomaji, na kwa sababu hiyo njia hii huwachosha wengi. Joto likibaki juu kwa siku 18 au zaidi bila hedhi, kipimo cha mimba kifanyike.

Vijiti vya mkojo vinavyotambua LH hupatikana katika maduka mengi ya dawa mijini. Hivi hutangulia yai: kikionyesha kwamba homoni imepanda, yai linatarajiwa ndani ya siku moja hadi moja na nusu. Kosa linalojirudia ni kuvisoma kama vijiti vya mimba. Katika kijiti cha mimba, mstari wa pili hata ukiwa hafifu una maana. Katika kijiti cha LH mstari hafifu hauna maana yoyote, kwa kuwa homoni hiyo huwepo mwilini siku zote. Jibu ni ndiyo pale tu mstari wa kipimo unapokuwa na rangi sawa na ule wa kulinganishia au kuuzidi. Kupima kuanze siku kama 17 kabla ya hedhi inayotarajiwa, saa zilezile kila siku, bila kunywa maji mengi saa mbili kabla. Mwenye ovari zenye vifuko vingi vidogo, hali inayoambatana na mizunguko mirefu na pengine chunusi na ndevu, anaweza kupata ndiyo ya uongo mara kwa mara. Kwake fedha hizo ni afadhali zitumike kumwona daktari.

Giza na mbalamwezi

Mfano mmoja wa Kanda ya Ziwa unaonyesha jinsi riziki inavyoweza kuvaa sura ya ugumba. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa; zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Hivyo wavuvi hukaa makambini, katika visiwa kama vya Ukerewe au Goziba, wiki zote za giza, na wengi hurejea nyumbani siku chache zinazozunguka mwezi mpevu. Mke wa mvuvi anapofika kliniki mazungumzo huwa hivi:

"Mama, baba watoto analala nyumbani?"

"Analala, sista."

"Siku zote?"

"Mbalamwezi tu. Giza lote yuko kisiwani."

Mhudumu asiyeuliza swali la pili ataandika kwamba wenza wanaishi pamoja na wamekaa mwaka mzima bila mimba, na safari ya vipimo itaanza. Lakini hesabu inasema jambo jingine. Mwezi wa angani huzunguka kutoka mwandamo hadi mwandamo kwa siku 29 na nusu. Chukulia mume hukaa nyumbani siku nane, nne kabla ya mwezi kuwa mpevu na nne baadaye, na yai la mkewe hutoka karibu na mwezi kuandama. Kama mzunguko wake ni wa siku 28, yai litarudi nyuma siku moja na nusu kila mwezi kulinganisha na mwezi wa angani, na itachukua mizunguko kama saba kabla halijakutana na siku za mume. Kama mzunguko ni wa siku 29, yai litarudi nyuma nusu siku tu, na kukutana kwao kutasubiri mizunguko 20 hivi, zaidi ya mwaka na nusu. Bila shaka hiyo ni hesabu ya karatasini. Mizunguko halisi huyumba siku mbili tatu, na baadhi ya miezi bahati huingia. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba watu wawili wasio na ugonjwa wowote wanaweza kukaa muda mrefu bila mtoto, huku mmoja wao akiitwa tasa na mama mkwe.

Hali hiyohiyo humpata mke wa dereva wa lori la masafa, wa askari aliye kambini, au wa aliyekwenda kufanya kazi Muscat na kurudi likizo mara moja kwa mwaka. Dawa yao ya kwanza ni daftari. Mwanamke aliyejifunza kuutambua utelezi anaweza kupanga safari kinyume cha desturi: yeye ndiye apande boti kwenda kambini kwa usiku mbili, au mume aache taa kwa usiku mbili za giza. Na kwa kuwa mbegu husubiri, kukutana usiku wa mwisho kabla ya safari si bure iwapo ute umeshaanza kulainika.

Kwa wanaolala nyumba moja, ushauri ni mwepesi zaidi. Wakikutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, hawatahitaji kijiti wala kipimajoto, kwa sababu mbegu hai zitakuwepo wakati wowote yai litakapotoka. Siku za utelezi wakutane kila siku au siku moja baada ya nyingine, wapendavyo. Imani kwamba mwanamume aweke akiba ya wiki nzima ili mbegu ziwe na nguvu haina msingi. Akiba ya muda mrefu hupunguza mwendo wa mbegu. Mkao wa tendo, mto chini ya kiuno, na miguu kuinuliwa ukutani havijathibitishwa kuongeza chochote, ingawa havidhuru. Linalodhuru ni chumba cha kulala kugeuka kituo cha kazi, ambapo mume huitwa kwa amri ya kijiti na mwili wake ukakataa. Likitokea hilo, vijiti viwekwe kabatini kwa miezi miwili na kanuni ya siku mbili tatu ichukue nafasi yake.

Dalili zinapokuwa nzuri na mimba haiji

Ute mzuri na joto lililopanda hueleza kwamba yai linatoka. Havielezi kama mirija ya uzazi iko wazi. Klamidia na kisonono vinaweza kuiziba mirija bila maumivu ya kukumbukwa, na katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara maambukizi ya namna hiyo, pamoja na yale yanayofuata uzazi au kuharibika kwa mimba kusikohudumiwa vizuri, yana sehemu kubwa katika ugumba wa wanawake. Wala havielezi lolote kuhusu mume. Katika takriban nusu ya wenza wasiopata mtoto, mwanamume ana sehemu yake katika tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Na kipimo cha shahawa ni cha bei nafuu na kisicho na maumivu kuliko vingi anavyofanyiwa mwanamke. Hufanywa baada ya siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa. Kumpiga mke picha za mirija kabla mume hajatoa kikopo kimoja cha shahawa ni kuanza kazi mkiani.

Kanuni ya jumla ni kumwona daktari baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi sita ikiwa mwanamke ametimiza miaka 35. Wapo wasiopaswa kusubiri hata hivyo: wenye mizunguko iliyo chini ya siku 21 au zaidi ya 35, waliokosa hedhi, wenye maumivu makali ya hedhi yanayozidi mwaka hadi mwaka, waliowahi kuugua maambukizi ya nyonga au mimba ya nje ya kizazi, na mwanamume aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa korodani au ambaye korodani hazikushuka utotoni. Aliyetoka katika sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu aelezwe mapema kwamba rutuba hurejea polepole, kwa wastani miezi kama 10 tangu sindano ya mwisho, ili asidhani ameharibiwa kizazi. Mama anayenyonyesha naye ajue kwamba yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Ute ndio unaoweza kumwonya.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake. Ni wengi mno kwa jambo linalosemwa kwa kunong'ona.

Daftari lipelekwe kliniki kama lilivyo: tarehe za hedhi, neno la ute la kila siku, siku za kukutana, siku mume alizokuwa safarini. Kurasa tatu za namna hiyo humpa daktari habari ambazo ultrasaundi ya siku moja haiwezi kumpa. Katika ukurasa huohuo mwanamke aweke alama kila siku anapomeza kidonge cha asidi ya foliki cha mikrogramu 400, akianza tangu mwezi anaoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Kidonge hicho hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Hakifai kungoja kliniki ya wajawazito, kwa sababu mfereji wa neva wa mtoto hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi ndiyo kwanza wanaanza kujiuliza kwa nini hawajaona siku zao.